Mkesha wa Pasaka Kigangoni: Mwongozo Kamili wa Giza, Moto na Mshumaa

Kila Pasaka makosa ni yale yale. Kuni zimenyeshewa, mtu anakimbilia mafuta ya taa. Mshumaa unazimika mlangoni na kijana anachomoa kibiriti mfukoni. Taa zinawaka mapema kwa sababu aliyesimama karibu na swichi hakuambiwa lolote. Msomaji wa somo la sita anafungua Biblia yake na kitabu cha Baruku hakimo.

Mwongozo huu ni wa sakristani, katekista, mwalimu wa kwaya na wenyeviti wa jumuiya katika vigango vya Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru, ambako Pasaka huangukia majira ya masika na stima haina ahadi. Unahusu Mkesha wa Kanisa Katoliki, unaofanyika usiku wa Jumamosi Kuu.

Kabla ya vifaa, shikeni jambo moja. Usiku huu husema kwa vitu kabla ya kusema kwa maneno, na moto wake ni mmoja tu. Unatoka kwenye kuni, unaingia kwenye mshumaa wa Pasaka, unapita mikononi mwa watu, unafika altareni na kwa wabatizwa. Mwali huo ni Kristo mfufuka anayeingia gizani. Kibiriti kikiwashwa popote katikati, mnyororo umekatika, na waumini wataona hata kama hawatasema. Karibu kila onyo lililo hapa chini linalinda mnyororo huo.

## Vifaa, kabla ya jambo lingine lolote

Vya moto
- Kuni kavu 25 hadi 30, zilizopasuliwa, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sm 50 hivi
- Magunzi makavu, nusu gunia
- Makaa, gorogoro 2
- Pipa la chuma lililokatwa nusu, la kutumia mvua ikinyesha
- Koleo refu, ndoo 2 za mchanga na mtungi wa lita 20 wenye maji
- Fito ya mwanzi ya mita 1, yenye mshumaa mwembamba uliofungwa kwa waya nchani
- Lantani, ile taa ya mafuta yenye kioo

Vya mshumaa
- Mshumaa wa Pasaka mpya, mmoja, na kinara chake
- Punje 5 kubwa za ubani, na ubani wa kawaida wa chetezo (chombo cha kufukizia)
- Msumari wa inchi 3, kisu kidogo, rula, na kipande cha mshumaa mwekundu

Vya watu
- Mishumaa midogo na vikinga nta vya karatasi ngumu ya manila
- Tochi ndogo 3: ya Misale (kitabu cha sala za Misa) motoni, ya mwimbaji wa Mbiu (utenzi wa kutangaza Pasaka), ya mimbari

Vya maji na altare
- Beseni kubwa lenye kina, mitungi 2 ya maji safi, jagi, taulo
- Krisma (mafuta ya kipaimara) na mafuta ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) kutoka parokiani, kipande cha ndimu na sabuni
- Tawi la saipresi la kunyunyizia
- Vitambaa vyeupe, maua, kengele, Misale, kitabu cha masomo

## Hatua ya 1: Hakikisheni tarehe, kisha saa

Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake kwa hesabu ya Kanisa, kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Mwaka 2026 ni 5 Aprili, 2027 ni 28 Machi, 2028 ni 16 Aprili.

Saa ndiyo inayowashinda wengi. Sheria ya Mkesha ni kuanza usiku ukiwa umeingia na kumaliza kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Kisumu jua huzama karibu saa 12:45 jioni mwezi wa Aprili, Nakuru dakika chache mapema zaidi, na bado kuna mwanga wa mawinguni kwa nusu saa hivi. Mkianza saa 12:30 mtaimba “Mwanga wa Kristo” huku kila mtu akiona viatu vya jirani yake. Wekeni saa 2:00 usiku, au saa 1:30 kama watu wanatoka mbali. Hii si Misa ya Jumamosi jioni iliyorefushwa.

Bila ubatizo hesabuni saa mbili na nusu. Kukiwa na ubatizo wa watu wazima ni saa tatu na zaidi, kwa hiyo swali la watu watarudije nyumbani lijibiwe wiki mbili kabla.

Kama padre ni mmoja na vigango ni vingi, mkubalieni akusanye vigango viwili au vitatu mahali pamoja. Mkesha mmoja wenye watu wengi unafaa kuliko mitatu ya kukimbizana, na Kanisa lenyewe hupendekeza jumuiya ndogo ziungane usiku huu.

## Hatua ya 2: Kuni zianze kukauka kabla ya masika

Tengeni kuni mwanzoni mwa Kwaresima. Mkaratusi uliopasuliwa na kuwekwa chini ya paa kwa wiki tano au sita huwaka vizuri. Ule uliokatwa juzi hutoa povu nchani na moshi unaofukuza watu. Gongeni kuni mbili pamoja: zikitoa mlio mkali zimekauka, zikitoa mlio mzito bado.

Mahali pa moto pawe mita 10 hadi 15 kutoka mlangoni, mbali na ukingo wa paa, waya za stima na magari. Simameni hapo jioni moja ya wiki hiyo muangalie upepo unatoka wapi. Padre na mshumaa wawe upande upepo unakotoka, watu wapangwe pembeni, na upande moshi unakokwenda uachwe wazi.

Pangeni hivi: makaa chini kabisa, magunzi juu yake, kisha kuni zilizosimamishwa zikiegemeana kama paa la msonge, na nafasi ya mkono upande mmoja ya kuingizia moto. Makaa hayo yana kazi. Baada ya kubariki moto, makaa yanayowaka hutolewa humo na kutiwa kwenye chetezo. Kuni peke yake hazitoi makaa mazuri kabla ya dakika 40 hivi, ndiyo maana huonekana mtumishi akikoroga majivu huku padre anasubiri.

Washeni dakika 25 kabla ya ibada. Petroli hairuhusiwi kabisa, mvuke wake hulipuka kabla kibiriti hakijafika kwenye kuni. Mafuta ya taa nayo hayarushwi kwenye moto ambao umeshaanza. Mkiwa na magunzi makavu hamtahitaji chochote.

Mpange na mvua. Dhoruba za jioni ni jambo la kawaida ukanda wa ziwa na Kakamega. Pipa lililokatwa liwekwe barazani tangu alasiri, likiwa na seti ya pili ya makaa na kuni chache. Mvua ikinyesha, watu wakae ndani kama kawaida, padre aje mlangoni na watumishi na mshumaa, watu wageuke kumtazama. Ibada inaruhusu hivyo. Jiko la makaa dogo mlangoni lina heshima kuliko moto mkubwa unaozimika mbele ya macho ya watu.

Wakati wa kuanza mnataka moto wa urefu wa kiuno, unaowaka bila kusukumwa, wenye makaa mekundu chini. Mkubwa zaidi ya hapo ni wa kupigia picha, maana hakuna atakayeweza kuusogelea.

## Hatua ya 3: Mshumaa wa Pasaka

Masharti ni manne: uwe wa nta, uwe mpya kila mwaka, uwe mmoja tu, uwe mkubwa kiasi cha kubeba maana yake. Ile mirija ya plastiki yenye kikopo cha mafuta ndani haifai. Wala kubandua namba ya mwaka jana na kubandika ya mwaka huu hakufanyi mshumaa kuwa mpya. Kwa kigango, kimo cha sm 60 hadi 80 na upana wa sm 6 hadi 8 kinatosha. Uagizeni mapema kupitia parokia, kwa sababu Juma Kuu kila mtu anatafuta.

Kuchora. Fanyeni Ijumaa Kuu asubuhi au Jumamosi, mshumaa ukiwa umekaa kwenye chumba chenye joto la kawaida. Nta baridi hubanduka vipande. Pasheni msumari moto kidogo, ushikwe kwa koleo, muuburute polepole mkifuata rula:

1. Msalaba, mstari wa wima kwanza, kisha wa mlalo.
2. Alfa juu ya msalaba, Omega chini yake.
3. Tarakimu za mwaka katika pembe nne za msalaba. Kwa 2027: 2 juu kushoto, 0 juu kulia, 2 chini kushoto, 7 chini kulia.

Kupaka rangi ya maji juu ya nta ni kazi bure, inateleza. Yeyusheni kipande cha mshumaa mwekundu, dondosheni kwenye mifereji, ngojeni dakika tano, kisha kwangueni ziada kwa ukingo wa rula. Nyekundu itabaki ndani ya mstari tu. Motoni padre atapitisha kisu juu ya alama hizo akitamka maneno yake, na waliosimama mbele wataziona.

Punje za ubani. Ni tano, kwa ajili ya majeraha matano ya Yesu. Mpangilio ni huu: ya kwanza juu, ya pili katikati, ya tatu chini, ya nne kushoto, ya tano kulia. Wengi huweka juu, kulia, chini, kushoto kama wanaozunguka saa, halafu maneno ya padre na mkono wake yanapishana.

Msisukume punje kwenye nta nzima, mshumaa utapasuka wima kama gogo. Toboeni matundu matano kwa msumari wa moto, kina cha sm 1 na nusu, yakielekea chini kidogo ili punje isianguke. Jaribuni kila punje kwenye tundu lake, kisha mzitoe na kuziweka kwenye kisahani kwa mpangilio. Padre akishachomeka, basi.

Utambi. Hapa ndipo Mkesha mwingi huharibika. Mshumaa mpya una utambi mkavu uliozama kwenye nta ngumu. Ukipelekewa mwali nje penye upepo, unawaka sekunde tatu na kufa. Jumamosi alasiri, ndani ya sakristia, uwasheni kwa dakika tano hadi kidimbwi kidogo cha nta kitokee kuzunguka utambi, kisha uzimeni na kukata utambi ubaki sm 1. Usiku utashika mara moja. Wapo watakaosema ni kuuwasha kabla ya wakati wake. Ni kuutengeneza tu. Ishara inaanza motoni.

Mwisho, hakikisheni mshumaa unaingia kwenye kinara bila kuyumba, na unatoka kwa mikono miwili bila kung'ang'ania. Baadaye utatolewa kwa ajili ya kubariki maji.

## Hatua ya 4: Mishumaa ya waumini

Mshumaa wa kawaida wa dukani huwaka kwa saa kadhaa. Muumini anahitaji kama dakika 20 wakati wa maandamano na Mbiu, na dakika 10 wakati wa ahadi za ubatizo. Kwa hiyo kateni katikati: watu 300, mishumaa 150. Zungushieni kisu chenye joto hadi mfikie utambi, ukateni kwa mkasi, kisha kwangueni nta ya nusu ya chini hadi utambi utokeze sm 1. Nusu zisizokwanguliwa ndizo zinazokataa kuwaka na kuchelewesha safu nzima.

Vikinga nta: duara la manila lenye upana wa sm 10, likatwe alama ya msalaba katikati, mshumaa upenyezwe. Bila hivyo nta itaishia kwenye mgongo wa aliyekaa mbele, na yeye amevaa nguo ya Pasaka.

Wafundisheni watu kanuni moja Jumapili ya Matawi, na tena Alhamisi Kuu: mshumaa unaowaka husimama wima, usiowaka ndio unaoinama. Anayeinamisha unaowaka anamwaga nta. Watoto wadogo wapewe kwa kushirikiana na mzazi, na wenye nywele za kusuka au vilemba vya kitambaa chepesi wasisimame wakiwa wamebanana.

## Hatua ya 5: Mtu wa swichi

Mchagueni mtu mmoja, mtu mzima, asiye na kazi nyingine usiku huo. Apewe karatasi yenye mistari mitatu:

- Dakika 10 kabla ya ibada: zima taa zote za kanisa, za baraza na za nje.
- Baada ya “Mwanga wa Kristo” ya tatu, mbele ya altare: washa taa za kanisa.
- Mishumaa ya altare isiguswe hadi wimbo wa Utukufu.

Giza ndilo linaloupa mshumaa sauti. Katekista atangaze kabla ya taa kuzimwa kwamba simu zifungwe na tochi za simu zisiwashwe. Skrini tano zilizoinuliwa kurekodi zinatosha kuua giza la kanisa zima. Kama kigango kinataka picha, mpiga picha awe mmoja na asitumie mwako wa kamera.

Jenereta ifungwe mbali, nyuma ya jengo, na iwashwe pale tu taa zinapohitajika. Ikiwaka tangu mwanzo itaimba kuliko shemasi. Stima ikipotea wakati wa maandamano, hakuna lililoharibika, maana hata hivyo haikuwa ikihitajika.

## Hatua ya 6: Kwenye moto

Watu wote wakusanyike nje, isipokuwa wazee na wagonjwa wanaobaki wameketi. Padre anasalimia, anabariki moto, anachora mshumaa, anachomeka punje. Mtumishi mmoja ashike Misale, mwingine tochi, iliyoelekezwa kwenye ukurasa na si usoni mwa padre.

Kisha mshumaa unawashwa kutoka kwenye moto ule. Tumieni fito ya mwanzi. Bila fito padre hulazimika kuuinamisha mshumaa wenyewe juu ya kuni: nta inayeyuka ubavuni, alama zinapotea, na mikono ya kanzu inakaribia moto.

Wakati huohuo mtumishi mwingine awashe lantani kwa fito ileile, kimyakimya. Lantani hiyo itafuata nyuma ya maandamano. Mshumaa ukizimwa na upepo, unawashwa tena kutoka hapo, na moto unabaki ule ule uliobarikiwa. Hiki ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho kinachookoa Mkesha mara nyingi.

Makaa yanatiwa kwenye chetezo kwa koleo, ubani unafuata. Vijana wawili wanabaki kulinda moto hadi kila mtu ameingia, kisha wanaumwagia mchanga, baadaye maji.

## Hatua ya 7: Maandamano yenye vituo vitatu

Msalaba wa maandamano haubebwi usiku huu, wala mishumaa ya watumishi. Hili husahaulika kwa sababu Jumapili zote nyingine msalaba hutangulia. Mpango ni: chetezo mbele, mshumaa wa Pasaka, watumishi na padre, kisha watu. Kama Waisraeli walivyofuata nguzo ya moto jangwani, watu wanafuata mwali mmoja.

- Mlangoni: shemasi, au padre kama hakuna shemasi, anainua mshumaa na kuimba “Mwanga wa Kristo”. Watu: “Tumshukuru Mungu”. Padre anawasha mshumaa wake.
- Katikati ya kanisa: anaimba mara ya pili. Sasa watumishi wanne wanawasha mishumaa yao kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka na kupeleka mwali kwa watu.
- Mbele ya altare, akiwatazama watu: mara ya tatu. Mshumaa unawekwa kwenye kinara karibu na mimbari. Taa za kanisa zinawashwa.

Watumishi wanne si anasa. Kwa mmoja, kanisa la watu 300 litachukua dakika kumi na wa nyuma watatoa vibiriti. Wawili waende kushoto, wawili kulia, kila mmoja amwashie mtu wa pembeni tu mwa benchi, naye ampitishie jirani. Mlango uliofunguka upande wa upepo ufungwe mara watu wakishaingia.

Mbebaji ashike mshumaa wima kabisa. Akiuegemeza mbele kama bendera, kidimbwi cha nta kitammwagikia mkononi naye atautupa.

## Hatua ya 8: Mbiu ya Pasaka

Watu wamesimama, mishumaa inawaka. Mbiu ndefu huchukua kama dakika kumi ikiimbwa, na Misale ina toleo fupi pia. Mwimbaji aanze mazoezi wiki nne kabla. Ashushe ufunguo nusu ya hatua kuliko anavyojisikia nyumbani, kwa sababu moshi wa moto na ubani hukausha koo.

Shemasi huimba, asipokuwepo, padre. Ikilazimu mlei aimbe, anaacha ile sehemu ya mwanzo inayowaalika waliosimama karibu wamwombee, na pia anaacha “Bwana awe nanyi”. Tieni alama ya penseli kwenye nakala yake. Kwaya isiingilie kwa ngoma wala vigelegele. Shangwe ina mahali pake, na mahali pake hapajafika.

Mbiu ikiisha, mishumaa inazimwa, watu wanaketi.

## Hatua ya 9: Masomo saba, au machache

Masomo ya Agano la Kale ni saba: Mwanzo 1:1–2:2, Mwanzo 22:1-18, Kutoka 14:15–15:1, Isaya 54:5-14, Isaya 55:1-11, Baruku 3:9-15, 32–4:4, Ezekieli 36:16-28. Kila moja lina zaburi au wimbo wake na sala yake, ambapo watu husimama.

Kwa sababu za kichungaji yanaweza kupunguzwa, yasiwe chini ya matatu, yachukuliwe kutoka Sheria na Manabii. Kutoka 14 haliachwi kamwe. Kuvuka bahari ndiyo Pasaka yenyewe: watu wanapita majini kutoka utumwani, kama mbatizwa anavyopita. Msomaji wake asiseme “Neno la Bwana” mwishoni. Somo linamwagikia moja kwa moja kwenye wimbo wa Musa, kwa hiyo mwalimu wa kwaya asimame tayari mistari mitatu kabla.

Kuhusu Baruku: Biblia nyingi zilizo majumbani kwetu ni zile zisizo na vitabu vya deuterokanoni, vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki lakini si katika ya Kiprotestanti. Msomaji asitegemee yake. Wote wasome kwenye kitabu cha masomo, na wote wafanye mazoezi mimbarini, usiku, kwa tochi ile ile itakayotumika.

Lugha mpangeni na padre. Somo moja kwa Kidholuo au Kibukusu na mengine kwa Kiswahili huenda vizuri, mradi sala inayofuata isianze kwa mkanganyiko wa watu wasiojua kama somo limeisha.

## Hatua ya 10: Utukufu, kengele, Aleluya

Sala ya somo la mwisho ikiisha, mishumaa ya altare inawashwa kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka, padre anaanzisha Utukufu, na kengele zilizonyamaza tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu zinalia. Sasa ngoma, kayamba, kinanda, vigelegele vya kina mama. Tangu Alhamisi ala zimekuwa zikisaidia sauti tu, kwa hiyo mpiga ngoma aliyejizuia hadi hapa atatambulika kwa mkono wake.

Kama maua yalifichwa sakristia, hapa ndipo yanapoingia. Rozi za Naivasha zikipatikana ni vizuri, maua ya uani yanatosha.

Baada ya Warumi 6:3-11, padre anaimba Aleluya mara tatu, kila mara akipandisha sauti, na watu wanarudia. Neno hilo halijasikika tangu Kwaresima ianze, kwa hiyo msilichoshe kwa kulifanyia mazoezi kanisani siku za katikati. Fanyieni kwenye ukumbi. Injili hubadilika kwa mzunguko wa miaka mitatu: ya mwaka A ni Mathayo 28:1-10, mwaka B Marko 16:1-7, mwaka C Luka 24:1-12. Pasaka ya 2026 ni mwaka A, 2027 ni B, 2028 ni C. Wakati wa Injili chetezo kinatumika, mishumaa haibebwi.

## Hatua ya 11: Maji na ubatizo

Beseni liwe limejaa kabla ya ibada, limefunikwa kwa kitambaa safi, likiwa juu ya meza imara. Kina cha sm 25 au zaidi kinafaa, kwa sababu padre anaweza kushusha mshumaa wa Pasaka majini mara moja au tatu. Karai la kufulia lenye kina kifupi litamwagika na kulowesha waya za maiki.

Litania ya Watakatifu huimbwa watu wakiwa wamesimama, kwa kuwa ni kipindi cha Pasaka. Kama hakuna wa kubatizwa wala kisima cha ubatizo cha kubarikiwa, litania inaachwa na maji yanabarikiwa kwa ajili ya kunyunyizia watu tu.

Wakatekumeni wakae mbele na wasimamizi wao, nguo nyeupe zikiwa zimekunjwa pembeni kwa majina. Msimamizi ndiye anayewasha mshumaa wa mbatizwa kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka na kumkabidhi. Mtu mzima aliyebatizwa na padre usiku huu hupewa naye kipaimara papo hapo, kwa hiyo Krisma iwe karibu, na ndimu na sabuni za kunawia mafuta.

Kisha watu wote wanawasha mishumaa tena, wanarudia ahadi za ubatizo, na padre anawanyunyizia kwa tawi la saipresi. Tikiseni tawi hilo mapema. Lenye vumbi huacha madoa ya kahawia kwenye nguo nyeupe.

Watu watataka maji ya baraka ya kupeleka nyumbani. Wekeni mitungi miwili pembeni mwa beseni ibarikiwe pamoja, na mgawe baada ya Misa nje ya mlango, kwa foleni. Mkigawa kabla, Misa itageuka kisima cha kijiji.

## Hatua ya 12: Kurudi nyumbani, na siku hamsini

Liturujia ya Ekaristi inaendelea kama Jumapili nyingine, ila mwishoni Aleluya mbili zinaongezwa kwenye maneno ya kuruhusu watu, na pia kwenye jibu lao. Kwaya izijue.

Watu watoke kwa jumuiya. Kila mwenyekiti ahesabu wake mlangoni, wanaokaa njia moja watembee pamoja, na waendesha boda boda wanaofahamika waambiwe saa ya kumaliza. Wanaotoka mbali wanaweza kukesha kanisani hadi alfajiri kwa nyimbo na chai, na hilo lipangwe mapema kwa maji, choo na blanketi za watoto. Kuku na chapati za Jumapili zitawangoja, na mayai ya chokoleti ya supamaketi wenye kuyataka watayapata.

Kabla ya kufunga mlango, angalieni moto wa nje kwa mkono, si kwa macho. Pitisheni kiganja juu ya majivu. Kama bado kuna joto, mwagieni mtungi uliobaki na mkoroge.

Mshumaa wa Pasaka unabaki karibu na mimbari au altare hadi Pentekoste, siku ya 50, na huwashwa kwenye ibada zote kubwa za kipindi hicho. Baada ya Pentekoste unahamishiwa mahali pa ubatizo, uwashwe kila mtoto anapobatizwa na kila jeneza linapoingia kanisani. Kwa hiyo kila baada ya kutumika kateni utambi ubaki sm 1, futeni masizi ukingoni, na uhifadhini ukiwa umesimama. Ukilazwa kwenye kabati chini ya bati, kufikia Januari utakuwa umepinda kama ndizi.